Salamu za Noeli kutoka Ukerewe: mwaka huu tena hakuna meza kuu

Ndugu zangu Wakerewe mlio kisiwani na mlio ng'ambo ya maji, wageni wetu waandishi, walimu wenzangu, wanakwaya, akina mama wa jikoni, nanyi vijana wa bodaboda mliotubebea viti bila kutudai hata shilingi: itifaki imezingatiwa.

Maneno hayo nimeyaweka kwa makusudi. Nitayarudia.

Heri ya Noeli kwenu nyote. Naandika usiku wa mkesha. Kwaya imemaliza mazoezi, ila mwimbaji mmoja wa besi hajakubali kwamba yamekwisha. Namsikia akienda zake njiani huku akiimba peke yake. Mchana nilikuwa Nansio, bandari ya kisiwa chetu hiki cha Ziwa Victoria, kumpokea mjukuu wangu. Meli kutoka Mwanza ilishusha watu, magodoro, mikate, ndoo za rangi, baiskeli ya mtoto iliyoviringishwa magazeti, na bwana mmoja aliyepakata keki safari nzima, anakanyagwa miguu na hasemi, mradi keki isiguswe. Kila Desemba ni hivi. Kisiwa kinachotoa vijana mwaka mzima hurudishiwa kwa wiki mbili, halafu Januari kinanyang'anywa tena. Mjukuu naye kaja na begi, na ndani ya begi mna jambo. Nitalifikia.

Hii ndiyo sababu siku yetu ya vitabu, tunapokaa na waandishi kuzungumzia vitabu, tunaiweka kati ya Noeli na Mwaka Mpya. Tulipoanza, wapo waliotaka tuifanye tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, na hoja yao haikuwa mbaya. Mimi nikauliza swali moja tu: Julai nani atamlipa mwandishi nauli, malazi na posho? Desemba mwandishi aliyezaliwa huku anakuja kumwona mama yake kwa nauli yake mwenyewe. Sisi tunamwazima kwa mama yake siku moja. Mama analalamika kidogo, tunampelekea kilo mbili za sukari, mambo yanakwisha.

Tulichokosea mwanzoni ni mwezi, yaani mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huvua usiku wa giza, wakiwavuta kwa taa. Mbalamwezi ikikolea hubaki nchi kavu wakishona nyavu. Mwaka ule wa kwanza tuliangukia gizani, na vijana tuliowatarajia wote walikuwa ziwani. Usiku tuliona taa zao kwa mbali, mstari mrefu kama mji mwingine, sisi huku tunaongea juu ya fasihi na viti vitupu. Siku hizi kabla ya kutangaza tarehe tunamwuliza kwanza mzee mmoja wa mwaloni, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia.

Sasa niseme la moyoni. Katika Majilio, majuma yale ya kuingoja Noeli, padre wetu alihubiri juu ya kungoja. Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma, mawazo yakanitoroka yakaenda Kagunguli, huku huku kisiwani, kwa mzee Aniceti Kitereza. Alizaliwa 1896. Aliandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya mume na mke waliokosa mtoto, akaimaliza 1945. Mchapaji hakupatikana. Nani angekubali kuchapa kitabu kinene vile kwa lugha ya watu wa kisiwa kimoja? Akangoja. Uzeeni akaketi chini akakigeuza mwenyewe kwa Kiswahili, ukurasa baada ya ukurasa, na Tanzania Publishing House wakakitoa 1980: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Mwaka uliofuata akafariki, kitabu hakijamfika mkononi.

Miaka thelathini na mitano! Leo Wajerumani wanacho kwa lugha yao, na wasomaji wa Kiingereza wanacho tangu 2002 kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, ambaye naye ni mtoto wa kisiwa hikihiki. Mgeni mmoja niliyemsimulia habari hii alisema inasikitisha. Mimi hunitia hasira zaidi, na hasira yenyewe inaniangukia mimi na kamati yangu. Kwa sababu tulipoanza hii siku yetu tulipita nyumba kwa nyumba kuuliza nani ana kitabu cha Kitereza. Kijiji kizima tulipata nakala moja, haina jalada, kurasa za mwanzo zimekwenda na wala haijulikani ziliwashia moto gani. Hilo halikutuzuia kumwalika msomi aje atueleze ukubwa wa kitabu ambacho hatuna.

Ndivyo tulivyofanya mwaka wa kwanza, Mungu atusamehe. Bango tulikuwa nalo. Turubai mbili, spika za kukodi, ngoma, risala, meza kuu yenye kitambaa na maua ya plastiki, na mgeni rasmi. Mgeni rasmi, ambaye simtaji, tulimtarajia saa nne asubuhi. Alifika saa tisa kasoro robo. Kisha kila aliyeshika kipaza sauti alianza kuitambua meza kuu mtu mmoja mmoja mpaka mtunza hazina, akasema "itifaki imezingatiwa", halafu akakumbuka kuna aliyemsahau, akaanza upya. Waandishi wetu wawili, mmoja katoka Dar es Salaam na mwingine Musoma, wakaambiwa wana dakika kumi kumi. Mshairi alikuwa ubeti wa tatu jenereta ikazimika. Mafuta tuliyapigia hesabu ya kumaliza saa nane. Jioni nikamkuta mama mmoja anakunja turubai, nikamwuliza, "Mama, leo umejifunza nini?" Akafikiri kweli, hakuwa anatania. Akasema, "Nimejua mgeni rasmi anapenda sato wa kuchemsha."

Lile bango lipo. Linazuia mvua jikoni kwangu, na jina la mgeni rasmi liko upande wa kuni.

Mwaka wa pili tukaifuta meza kuu. Sisemi kwa mafumbo: ile meza tuliihamishia jikoni ikakatiwa vitunguu. Fedha ya bango, ya spika na ya soda za wakubwa tukanunulia vitabu. Zilitosha nakala sita za Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Tulikichagua kwa sababu kinaanzia Namagondo, huku kwetu alikozaliwa mwandishi mwaka 1944, na kwa sababu kiliwahi kupigwa marufuku shuleni, jambo ambalo kwa vijana ni tangazo tosha. Nakala sita zikaanza kuzunguka mwezi Septemba. Kila kundi la nyumba lilikaa na kitabu wiki mbili, anayejua kusoma vizuri akiwasomea wengine baada ya chakula, na mimi nina daftari la nani anacho na anakirudisha lini. Nakala moja ilirudi inanuka dagaa. Nyingine ina hesabu ya deni la sukari kwenye ukurasa wa mwisho. Ya sita haikurudi kabisa.

Lakini njooni mwone siku yenyewe! Mgeni wetu alikuwa mhadhiri, mtu mpole, amekuja na karatasi zake kumi na mbili zilizopigwa chapa. Hakufika ya pili. Katekista mstaafu alisimama akauliza: huyu Rosa wa kitabuni, binti aliyelindwa kwa fimbo, aliyemharibu ni dunia ya mjini au ni ile fimbo? Akina baba wakaguna. Msichana wa kidato cha tatu akajibu bila kuitwa, na baba yake yupo pale pale. Mama mmoja muuza vitumbua akasema yeye anamwonea huruma mama wa Rosa kuliko Rosa, maana Rosa ameandikiwa kitabu. Mhadhiri akaomba kalamu. Aliandika kuliko alivyosema, na alipoondoka aliniambia ana miaka mingi anakifundisha kitabu kile, ila kumsikia mtu akimteta mhusika kama anavyomteta jirani ndiyo mara ya kwanza.

Kwa wale mnaotuuliza namna ya kualika wageni, ujuzi wangu wote ni huo. Mtafuteni mgeni mwishoni. Kwanza kitabu kipatikane, kisomwe, watu wagombane, ndipo aitwe mtu. Akija mapema mno atahubiri. Hana la kufanya zaidi, maskini, kwa kuwa mbele yake wamekaa watu wasiokijua anachokisema na wenye adabu ya kutopiga miayo.

Mwaka huu, basi, ni zamu ya mzee wa Kagunguli. Tumepata nakala nne pamoja na ile isiyo na jalada. Ni kitabu kirefu, tumekwenda nacho polepole, wengine bado hawajafika hata katikati na wasione haya. Tayari mgogoro umeiva. Mnaokumbuka mtakumbuka kwamba ndugu wa Bibi Bugonoka wanamchukua binti yao kwa sababu ya maneno ya upande wa mume juu ya kutozaa, na Bwana Myombekere analazimika kwenda kuwaangukia wakwe, wamtoze pombe ya ndizi ndipo arudishiwe mke. Wazee wetu wanaona faini ile ni haki na ilikuwa ndogo. Vijana wanauliza mbona wenye midomo ni ndugu na mlipaji ni mume? Wanawake wanauliza mbona kipimo cha ndoa ni tumbo la mwanamke, na hapo kelele huanza upya. Kuna jioni moja tulifunga kitabu kwa lazima ili watu wakalale.

Halafu kuna hili la lugha, ambalo sikulitazamia. Msomaji akifika penye jina la dawa, la chombo au la mtego, kikongwe mmoja humkatiza akasema kwa Kikerewe kitu kile kinaitwaje hasa, kinashikwaje, na nani alikuwa fundi wake. Wajukuu waliokulia Mwanza na Dar es Salaam wanaomba arudie. Wengine wanamrekodi kwa simu. Mzee Kitereza alitafsiri kutoka Kikerewe kwenda Kiswahili. Sisi barazani tunakipandisha mlima kurudi kilikotoka.

Na tukiwa katika kukumbukana: Mwalimu Kezilahabi alifariki tarehe 9 Januari 2020. Kila Mwaka Mpya ukiingia huwa namkumbuka kwa siku zile tisa. Misa ya Januari tutamtaja yeye, mzee Kitereza na mkewe Anna, na wazee wetu watatu waliosoma nasi mwaka jana ambao mwaka huu viti vyao vina wajukuu.

Siku ni tarehe 29, saa tatu asubuhi, chini ya miembe ya shule, mvua ikinyesha tunaingia darasa la sita. Mwezi wa angani utakuwa umekwisha pita nusu na mbalamwezi imekolea, kwa hiyo wavuvi hamna udhuru. Wageni wetu wawili tayari wako kisiwani kwa mama zao, sukari imekwenda. Watakaa katikati kwenye vigoda, watusikilize nusu saa kabla ya kusema, na vitabu vyao watauza kwa bei ambayo wangemuuzia binamu. Anayekuja kwa meli ya Mwanza au kwa pantoni ya Kisorya alete chandarua na kitabu kimoja cha kutuachia. Chakula kipo: ugali wa muhogo, sato, dagaa kwa atakaye. Mgeni rasmi hatuna. Akipita kiongozi yeyote, kigoda kipo, na kitabu anakuta kimefunguliwa ukurasa tuliofikia.

Kwa majirani zetu Waislamu ambao kila Noeli mnatukopesha masufuria na kutulindia mifugo tukiwa kanisani, asanteni. Tumepokea pia ombi lenu kwamba miaka ijayo tusiangukie Ramadhani, na kalenda tumekwisha iangalia. Kwa wauguzi walio zamu, mabaharia wa meli na pantoni, na walinzi wa mwaloni: vipande vyenu vya keki tumevitenga, japo sithubutu kuahidi ile ya yule bwana wa Nansio.

Limebaki la begi. Mnakumbuka nakala ya sita ya Rosa Mistika. Mwaka jana mbele ya kikao nilisema kwa ukali kwamba iko kwenye nyumba fulani, sikutaja jina, lakini nilitazama upande, na kila mtu akaona nilikotazama. Leo jioni mjukuu wangu amefungua begi kutoa zawadi, akatoa kitenge, sabuni, na kitabu kilichofungwa kwenye mfuko wa nailoni. "Bibi, nilikichukua mezani kwako nikisome kwenye meli, nikasahau." Kimekaa Mwanza mwaka mzima. Kimesomwa na wanafunzi wenzake wanane. Wameandika majina yao ndani kwa penseli, na mmoja ameandika kwamba hakubaliani na mwisho.

Kesho baada ya Misa ya asubuhi nakwenda kwenye ile nyumba na kuku. Daftari nimekwisha kulifuta.