Mkiandika "ameshika mkia" tuambieni pia alianza namba ngapi

Mhariri,

Mimi ni mtu wa Kilifi, niko Dubai mwaka wa tano sasa, na miaka miwili ya kwanza nilifanya kazi kwenye ukumbi wa theluji ndani ya mol, kazi yangu ilikuwa kuvalisha watu viatu vya skii. Wakati mwingine mtoto analia kabisa, manake kile kiatu ni kigumu kama ndoo, kifundo hakipindi, na ukilegeza kibano chake hata kimoja ile skii haimsikii tena mguuni. Ndio nikaanza kufuatilia huu mchezo, na ndio maana naumia nikisoma habari za vijana wetu wanaoenda Olimpiki ya vijana ya majira ya baridi. Ni mistari mitatu tu, amekwenda, hajui baridi, ameshika mkia, basi.

Jamani si hivyo. Kwenye skii ya mlimani watu wanatoka mmoja mmoja na zamu inapangwa kwa pointi za FIS, shirikisho la skii la dunia, na hizo pointi zinaenda kinyume, ukiwa nazo chache ndio uko juu. Wenye chache wanatoka mapema wanakuta njia imenyooka, sawa kama sakafu. Wetu anatoka huko mwisho, wenzake makumi washapita, kila kona kwenye geti, yaani vijiti vya kupitia, imechimbika mtaro, skii inaruka yenyewe. Alafu kwenye slalomu, ile mbio ya kona fupifupi, ukikosa geti moja tu umeondolewa, na unashuka mara mbili ndio muda unajumlishwa, kwa hivyo kufika chini mara zote mbili ni kazi tosha, hata mabingwa wanaanguka.

Na muda wenyewe unahesabiwa kwa sekunde iliyogawanywa mara mia. Olimpiki ya wakubwa ya Pyeongchang, Korea 2018, Ester Ledecká wa Czech alichukua dhahabu ya supa-G, mbio ya kasi ya kushuka mara moja tu, kwa sekunde 0.01, yaani hata kupepesa jicho ni kurefu zaidi. Mbio hizohizo alikuwemo binti wa kwetu, Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria, akamaliza wa 38. Miaka miwili nyuma, Lillehammer, Norway 2016, ndiye aliyebeba bendera ya Kenya kwenye hii michezo ya vijana na alikuwa peke yake kwenye timu. Niulizieni vijana wa Kilifi wangapi wanalijua jina lake. Mimi mwenyewe nimelijulia huku ugenini, na hilo linaniuma.

Michezo ya vijana ya Gangwon, Korea 2024, Kenya ilikuwa tena na kijana kwenye skii, miteremko ya High1 kule Jeongseon. Michezo hiyohiyo Jonathan Lourimi wa Tunisia alipata fedha kwenye monobob, najua hiyo si skii ni kigari cha barafu, lakini Tunisia nako hakuna hiyo njia ya barafu, walipelekwa Korea wakafundishwa hukohuko kwenye mpango ulioachwa na Olimpiki ya 2018. Kwa hivyo milango ipo, ila mzazi wa Malindi au Nyeri ataijuaje kama gazeti lake halijawahi kumwambia?

Sikuombi umsifu mtoto ambaye hajafanya vizuri, hapana. Naomba mwandishi wa michezo aandike alianza namba ngapi, kati ya wangapi, wangapi hawakumaliza, na amepitwa sekunde ngapi na mshindi. Yote hayo yako kwenye matokeo rasmi, ni ya bure, hayahitaji hata tiketi ya ndege. Michezo inayofuata ya vijana ni Januari 2028 huko Italia, Dolomiti Valtellina, na kama kuna kijana wetu atakayefuzu tuanze kumjua kuanzia sasa akiwa bado anatafuta hizo pointi, tusingoje siku anatoka na bendera.

Msomaji wako wa Kilifi,
Dubai