Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: chenga za Kitere ziangaliwe upya

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo.

Mimi ni mfamasia, mzaliwa wa Mtwara Vijijini. Nakuandikia hadharani ili wakulima wa mpunga wa Kitere na wenye mashine za kukoboa nao wasikie ninachokuomba: tujaribu kutoa wanga wa kutengenezea vidonge kutoka kwenye chenga, yaani mchele uliovunjika mashineni.

Kidonge cha parasetamoli kina miligramu 500 za dawa, lakini ukikipima kinazidi hapo. Ziada ni vitu vya kukishika kisibomoke koponi, na vya kukipasua kikifika tumboni. Kanuni za Uingereza zinataka kidonge kisicho na ganda kivunjike ndani ya dakika 15 kwenye maji ya nyuzi 37. Kikigoma, mgonjwa amemeza jiwe: dawa imo ndani, haimfikii. Kazi zote mbili, ya kushika na ya kupasua, wanga huziweza.

Wanga wa mchele ukiwa mbichi una kasoro. Chembe zake hazifiki mikroni 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, kwa hiyo hung'ang'aniana na hauteremki vizuri kwenye mashine ya vidonge. Na ili upasue kidonge vizuri zaidi, hubadilishwa kikemikali, kwa kostiki na chumvi ya asidi ya kloroasetiki ndani ya spiriti. Ukitoka hapo hunywa maji na kuvimba sana. Asilimia 2 hadi 8 tu ya uzito wa kidonge hutosha kukipasua. Wanga wa namna hii umezoeleka kutoka kwenye viazi mviringo, lakini watafiti wa Thailand wameutengeneza kwa mchele na ukafanya kazi.

Sasa tazama mashineni kwetu. Mchele mzima unapata wateja, chenga zinaishia kwa kuku na kwa mama wauza vitumbua. Kwa anayetafuta wanga, chenga haina upungufu wowote, maana hata mchele mzima angeusaga. Huloweka kwenye maji yenye kostiki kidogo, protini inayeyuka, wanga unatuama, anauosha na kuukausha.

Najua nitaulizwa mhogo. Mhogo una wanga mzuri, ila ukishang'olewa huanza kuoza ndani ya siku mbili tatu. Chenga inakaa guniani ikisubiri.

Ila wauza vitumbua wasije wakapandishiwa bei kwa ajili ya wazo langu. Tuanze na chenga zinazokwenda kwa kuku. Na ile hatua ya kemikali isifanyike uani kwa mtu: asidi ile ikimwagikia ngozi yaweza kuua. Hiyo tuwaachie wenye kiwanda na kibali.

Ninachoomba ni hatua ya kwanza tu. Waite wenye mashine, SIDO (shirika la viwanda vidogo), TARI Naliendele (kituo cha utafiti wa kilimo) na TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) wakae meza moja. Chenga za msimu mmoja zitolewe wanga, kisha upimwe vijidudu, majivu, protini iliyobaki na unyevu. Unyevu hasa. Masika moja nilifungua kopo katika zahanati ya huku pwani nikakuta vidonge vimelainika, vinabaki unga vidoleni, na nje kuna foleni ya akina mama na watoto wenye homa. Wanga unaovuta maji utahitaji ghala kavu kuliko tulizonazo.

Gunia mbili za chenga zinatosha kuanzia. Niko tayari kuzisindikiza mwenyewe hadi maabara.

Wako mtiifu,
Mfamasia, Mtwara