Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Santuri, Mtwara, Mwaka 2024

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa kamati, wazee wetu, na ndugu wanachama mliofika. Pia nyinyi mliotuma udhuru kwa simu leo saa tatu asubuhi, wakati turubai limeshafungwa na chai imeshachemka.

Asalamu aleikum. Tumsifu Yesu Kristo.

Wenzetu wawili waliotangulia mbele ya haki tumekwisha wasimamia kimya dakika moja, na rambirambi zimefika kwa familia zote mbili. Mungu awapumzishe.

Shughuli za kawaida mnazijua, nitazipitia mbiombio. Jioni za santuri zilipangwa 12, zimefanyika 9. Machi tulisimama kwa ajili ya Ramadhani. Mei barabara ya Dar ilikatika Somanga baada ya kimbunga Hidaya, fundi wetu wa gramafoni akakwama ng'ambo na sindano yetu mfukoni. Novemba nusu yenu mlikuwa kwenye minada ya korosho na nusu kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa. Wanafunzi walitutembelea mara moja, na mmoja akauliza memori kadi inachomekwa wapi. Mkanda wa gramafoni kubwa umebadilishwa. Hayo yametosha.

Sasa mahudhurio. Tuko wanachama 43 kwenye daftari. Jioni iliyojaza watu wengi zaidi ilikuwa ya Julai, watu 19, na sita kati yao walikuja kwa sababu kulikuwa na pweza. Jioni ya Oktoba tulikuwa wanne: mimi, Katibu, fundi, na mwanachama mmoja aliyekuja kudai kiti chake cha plastiki. Nilicheza santuri zote nilizoandaa, upande wa kwanza na wa pili, kama vile ukumbi umejaa. Katibu ni shahidi.

Na ada. Shilingi 2,000 kwa mwezi, 24,000 kwa mwaka. Waliomaliza ni 14. Waliolipa nusu ni 9. Waliobaki, watu 20, hawajatoa hata senti, na kila mmoja ana neno moja tu mdomoni: "korosho zikiuzwa." Ndugu zangu, korosho zimeuzwa. Nimewaona wengine na pikipiki mpya. Katika 1,032,000 tulizotegemea tumekusanya 444,000. Ukijumlisha salio la mwaka jana 815,000 na michango ya wageni 96,000, unapata 1,355,000. Tumetumia 1,125,000: santuri 700,000, usafiri wa Lindi 60,000, sindano na mkanda 145,000, ukumbi na chai 120,000, rambirambi 100,000. Zimebaki 230,000. Vitabu viko mezani kwa Mweka Hazina, aje mwenye macho.

Nimefika kwenye ile 700,000. Najua ndiyo iliyowaleta wengi leo, maana mahudhurio ya asubuhi hii yamezidi ya mwaka mzima.

Maneno yanayozunguka sokoni na kwenye vijiwe vya kahawa ni matatu: kwamba Mwenyekiti alinunua santuri bila akidi, kwamba alijinunulia yeye, na kwamba amezificha nyumbani kwake. Nitayajibu, na naomba nisikatwe.

Mwezi Agosti nilipigiwa simu kutoka Lindi. Mzee mmoja mpenzi wa muziki alikuwa amefariki, nyumba imeuzwa, na watoto wanahamia Dar. Stoo ilikuwa na masanduku manne ya santuri. Mtoto mkubwa alitaka 700,000 kwa zote, na kulikuwa na mnunuzi wa Dar anayemtumia ujumbe kila siku. Akanipa mpaka Jumamosi. Niliitisha kamati Jumatatu, tukaja watatu. Nikaitisha Jumatano, tukaja wanne. Nikaitisha Alhamisi baada ya magharibi, tukawa wawili, mimi na Katibu, tukala embe tukaondoka. Katiba inataka wajumbe watano kati ya tisa. Akidi naipata wapi, niifinyange kwa udongo? Katiba hiyohiyo inampa Mwenyekiti 200,000 za dharura. Nikazitoa. Zile 500,000 nilizitoa kwenye pensheni yangu mwenyewe, na mama watoto mpaka leo hajui yote, kwa hiyo mlio majirani zangu mtunze ulimi. Septemba nilirudishiwa baada ya wajumbe watano kuridhia, watatu ana kwa ana na wawili kwa simu. Mmoja wa hao wa simu sasa anasema alidhani namuuliza habari za mchango wa harusi. Sina la kumjibu.

Tulipata santuri 212. Za mizunguko 78 kwa dakika ni 64, zile ndogo za 45 ni 117, na kubwa za LP, zinazobeba nyimbo nyingi, ni 31. Nakiri, na sitaki ije isemwe nyuma yangu, kwamba nane za 78 zilivunjika njiani. Nilizifunga kwa kanga na kuzisimamisha kwenye maboksi ya sabuni kama inavyotakiwa, lakini pale Mnazi Mmoja ya Lindi kondakta alipandisha gunia juu yake wakati nimeshuka kununua maji. Santuri ya 78 si plastiki. Imetengenezwa kwa gundi ya wadudu, ni ngumu kama kigae na inapasuka kama kigae. Nyingine 15 zilikuwa na nyufa tangu Lindi. Na 22 za zile ndogo zimepinda kwa joto la bati, maana marehemu alizilaza zikabebana badala ya kuzisimamisha. Zilizobaki zinacheza. Nimezisikiliza zote, moja moja, siku 26. Hakuna mjumbe aliyejitokeza kunisaidia hata kugeuza upande.

Kwamba nilijinunulia. Chanzo cha neno hili ni LP 12 za jazi ya Kimarekani zilizokuwemo. Mwanachama mmoja alisimama jioni ya Septemba akasema, "Hizi za Mwenyekiti, sisi tunataka Mbaraka." Ndugu yangu, Mbaraka Mwinshehe mimi nimemnunua wewe ukiwa hujazaliwa. Mwaka 1971 nilipanda meli kutoka Dar, kwa kuwa masika barabara ya Rufiji ilikuwa haipitiki na daraja la Mkapa hatukulipata mpaka 2003, nikiwa na santuri moja ya Morogoro Jazz mapajani. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya bendi hiyo kupelekwa Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Watu wa Shangani hapa Mtwara walikuja nyumbani kuigusa tu. Gramafoni hatukuwa nayo, tuliazima kwa Mhindi wa duka la vitambaa. Nilimfuata Mbaraka alipohamia bendi ya Super Volcano 1973, na alipokufa kwa ajali Mombasa Januari 1979 sikucheza santuri yoyote mwezi mzima. Na mnakumbuka kipindi kile, santuri nyingi zilikuwa zinachapwa Nairobi, mpaka wa Kenya ulipofungwa 1977 tukabaki kutega sikio kwenye redio tu. Mimi sihitaji kufundishwa dansi.

Lakini mnajua kwa nini bendi zetu ziliitwa Jazz? Dar es Salaam Jazz ilianza 1932. Zikaja Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Nuta Jazz, na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, ambayo ilipiga Dar lakini jina ni la huku kwetu kusini. Hawakupiga jazi ya Marekani, walipiga rumba na chacha na mambo yetu. Ila neno walilichukua kwa heshima, kwamba hii ni bendi ya ala, ya kisasa. Sasa mtu anabeba jina la ukoo miaka tisini, akiletewa babu mwenyewe anasema "huyu simjui"?

Mimi babu huyo nilimjua kwa mjomba wangu, karani wa bandari hapa Mtwara. Alikuwa na redio ya masafa mafupi yenye jicho la kijani. Usiku sana, bahari ikiwa imetulia, aliitafuta Sauti ya Amerika mpaka aipate. Kulikuwa na mtangazaji mmoja, Willis Conover, anaongea taratibu mno, neno moja, anapumzika, neno la pili, makusudi ili watu wasio Waingereza wamwelewe. Kipindi kilifunguliwa kwa muziki wa Duke Ellington. Mimi Kiingereza sikuwa nacho, lakini saksafoni haina Kiingereza. Mjomba alikuwa ananyanyua kidole kila ikianza kupulizwa, maana yake nyamaza. Hata leo ikianza nanyamaza, na nyinyi mnaniona jioni zetu mnadhani nimesinzia.

Nirudi kwenye zile 12. Moja ni ya Herbie Hancock, ya 1971, na jina lake ni Mwandishi. Si tafsiri, limeandikwa hivyohivyo kwenye jalada. Wale vijana wa Kimarekani walijipa majina ya Kiswahili. Hancock ni Mwandishi, mpiga besi Buster Williams ni Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart ni Jabali, na Eddie Henderson wa tarumbeta, ambaye kweli alisomea udaktari, ni Mganga. Niliposoma hayo kwa sauti jioni ile, mzee wetu wa Chikongola alicheka mpaka akavua miwani. Nyingine ni ya Randy Weston, iliyorekodiwa New York Novemba 1960, mwaka mmoja kabla ya uhuru wetu, na jina lake lina neno Uhuru. Santuri inapoanza kuna mtu anasema kwa Kiswahili. Ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika mwenzetu, yuleyule aliyekuja kuwa mbunge. Bendera hatujaipandisha na Kiswahili chetu kinavuma studio ya New York kati ya matarumbeta! Mnunuzi wa Dar angeichukua hiyo, akaiuza Ulaya, na sisi tungebaki kuhesabu salio. Kama hilo ni kosa, nimekosa, na Agosti nyingine ikija nitakosa tena.

La tatu, kuficha. Santuri ziko chumbani kwangu, kweli, kwenye rafu niliyoichongesha kwa fedha zangu, chini ya dari, mbali na dirisha. Ukumbi tunaokodi hauna dari. Bati la Mtwara mwezi wa kumi na mbili mnalijua. Na huduma ya kuazimisha nimeisimamisha mimi, sikatai. Mwanachama mmoja, kwa nia njema, aliazima 78 tatu akazisafisha kwa spiriti. Spiriti inayeyusha ile gundi. Alirudisha kitambaa cheusi na sahani tatu laini kama kikaango. Mwingine alicheza 78 kwa sindano ya LP. Sindano ya LP ni nyembamba, karibu theluthi ya ile inayotakiwa, inazama chini ya mfereji na kukwangua uchafu, kisha mtu anakuja kulalamika kwamba Mwenyekiti kanunua santuri za mikwaruzo. Ndiyo maana nikanunua sindano ya 78. Na hiyo nayo iliulizwa.

Anayetaka kusikiliza aje nyumbani, Jumanne na Ijumaa baada ya alasiri. Chai ipo. Tangu nitangaze hivyo wamekuja watu watatu, na wawili walikuwa wajukuu zangu.

Kuhusu mwaka ujao, tunatarajia, Mungu akijalia, kupata chumba chenye dari. Kuna kijana amesema anaweza kuhamishia santuri kwenye kompyuta, anasubiri kompyuta. Tunafikiria pia safari ya Kilwa, tukutane na wazee wanaokumbuka, ikiwa nauli itapatikana. Mikindani wametuahidi ukumbi mara moja moja, bado tunazungumza nao.

Wenye madeni ya ada, Mweka Hazina amekaa pale karibu na mlango, na hatatoka kabla yenu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti