Barua kwa Mwikali: wagonjwa wako wa mgongo

Nairobi,
Jumapili jioni

Mwikali mpendwa,

Salamu kutoka Buruburu. Umeniuliza utawapimaje wagonjwa wa mgongo katika zahanati isiyo na hata eksirei, na nimeona unajilaumu. Usijilaumu. Hapa Nairobi mashine zipo, na bado watu wanafika kwangu wamebeba bahasha kubwa ya picha, wametoa hela za kodi ya nyumba, na hakuna aliyewaambia wavue shati autazame huo mgongo. Jambo hilo linaniumiza sana.

MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, peke yake haikwambii kinachouma. Uhakiki mmoja wa mwaka 2015 ulikusanya picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa: diski zilizochakaa, ile mito laini iliyo kati ya pingili, zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na kwa wenye miaka 80 ni asilimia 96. Mchukuzi wa magunia pale soko la Marikiti akishaambiwa diski yake imeoza, ataogopa kuinama maisha yake yote.

Kwa hiyo msikilize kwanza. Maumivu yalianza lini, yanashuka hadi wapi, anafanya kazi gani. Halafu uliza lile swali ambalo wengi wetu hulikwepa kwa haya: mkojo unatoka vizuri? Unausikia ukipita? Ukijipangusa chooni, unahisi? Mzee atainamisha macho, hasa akiulizwa na binti wa umri wako. Funga mlango, mwombe radhi, na umuulize hivyo hivyo. Mtu anayeumwa mgongo kisha mkojo ukafunga, au sehemu anayokalia ikafa ganzi, au miguu yote miwili ikalegea, huenda neva za mwisho wa uti wa mgongo zimebanwa. Huyo ni wa dharura, pengine wa kupasuliwa siku hiyo hiyo. Mpigie simu daktari wa kule unakompeleka, asije akapewa miadi ya wiki ijayo. Na usingoje aseme mwenyewe. Yeye haoni uhusiano wa mkojo na mgongo, anadhani ni uzee tu au tezi dume.

Kisha mwangalie akitembea kwa visigino, na tena kwa ncha za vidole. Ncha za vidole zikimshinda kwa mguu mmoja, ishuku neva ya S1, ile ya kwanza chini ya kiuno. Akishindwa kuinua kidole gumba cha mguu huku ukikikandamiza, ishuku L5, neva ya tano ya kiunoni. Mlaze chali, uinue mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakipiga hadi chini ya goti kabla hujafika nyuzi 70, kuna neva inayosumbuliwa. Kuvutika nyuma ya paja tu kusikutishe. Ukiinua mguu usiouma na ule mwingine ndio ukauma, basi diski imeligusa shina la neva, karibu hakika.

Wengi hawatakuwa na lolote kati ya haya. Waambie inauma kweli ila hakuna kilichovunjika, na waendelee kutembea na kufanya kazi kadiri wanavyoweza. Kulala kitandani kutwa kunawachelewesha kupona.

Sasa, yule mama wa mahindi uliyemtaja mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Maumivu ya miezi, yanamwamsha usiku, na nguo zimeanza kumpwaya. Huyo ndiye ninayemfikiria tangu barua yako ifike. Mwite arudi. Muulize kuhusu homa za jioni na jasho la usiku, kama nyumbani kuna aliyetibiwa TB, na hali yake ya VVU. Mpime na matiti, tafadhali, kwa kuwa saratani ya titi hupenda kuhamia kwenye mifupa ya mgongo. Gonga pingili moja moja polepole kwa ngumi. Ile inayouma kuliko nyingine zote, au iliyochomoza, usiipuuze. TB ya mgongo anaweza kuwa nayo bila kukohoa hata kidogo, na ikicheleweshwa hupinda mgongo na kupoozesha miguu. Mwandikie rufaa ya hospitali ya kaunti wampige eksirei na kumpima ESR, kile kipimo cha damu kinachopanda mwilini kukiwa na maambukizi au uvimbe. Eksirei ikiwa safi usitulie, mabadiliko huchelewa kuonekana. Hapo ndipo MRI ina kazi yake, na hapo ipiganie.

Niandikie ukishamwona. Wasalimie mama na watoto.

Rafiki yako,
Akinyi