Wakimbiza magari waanze na mafuta ya breki, si kalipa nyekundu

Mhariri,

Vijana wengi wa Nairobi na viunga vyake siku hizi hupeleka magari yao ya kila siku, aghalabu Subaru Impreza na mengine yaliyotoka Japani yakiwa yametumika, kwenye viwanja vya lami kama Whistling Morans upande wa Athi River, ili wayakimbize bila kuhatarisha maisha ya watu wengine. Jambo hilo naliunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa ni heri kijana apimane mbio uwanjani kuliko katika barabara ya Thika usiku wa manane. Kinachonitia hofu ni breki wanazokwenda nazo, na hasa mpangilio wa matumizi yao ya pesa: mtu huanza na kile kinachoonekana, akasahau kile kinachomsimamisha.

Nasema hivi kwa sababu nami nilifanya kosa hilo. Nilinunua kalipa nyekundu za Brembo, yaani vibanio vinavyokandamiza pedi za breki kwenye diski ya gurudumu, zilizotolewa kwenye Impreza STI, toleo la kasi zaidi, pamoja na diski zake za milimita 326, nikazifunga kwenye Impreza WRX yangu iliyokuja na diski za milimita 294, kisha nikalazimika kununua rimu za inchi 17 kwa kuwa zile za zamani zilikuwa zikikwaruza kalipa. Fundi wa gereji niliyoitegemea alitazama chupa ya mafuta ya breki, akaniambia kwamba bado ni mazima, nami nikaridhika kwa kuwa chupa ilikuwa imejaa. Uwanjani, katika mzunguko wa sita, nilikanyaga breki mwishoni mwa sehemu iliyonyooka na pedali ikazama hadi sakafuni, laini kama tope. Nilikanyaga tena upesi upesi, na mara ya tatu ikashika kidogo. Gari likaacha lami, likapita nyasini, likasimama hatua chache tu kutoka kwenye ukuta wa matairi. Jioni nilipofungua skrubu ya kutolea hewa, mafuta yalitoka meusi kama chai ya rangi iliyokolea, yakiwa na vipovu. Kalipa zenyewe hazikuwa na kasoro yoyote.

Breki hazifanyi kazi nyingine ila kugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,400 likipunguzwa mwendo kutoka kilomita 140 kwa saa hadi 60, joto linalozalishwa ndani ya sekunde tatu hivi latosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji yaliyotoka bombani. Mjini, tukio la namna hiyo hutokea mara chache sana, na diski hupata muda mrefu wa kupoa. Uwanjani hurudiwa kila kona, na mwendo ukiongezeka maradufu joto huongezeka mara nne. Zaidi ya hayo, sisi wa nyanda za juu tuna hewa nyepesi kuliko ya Mombasa, kwa hiyo hata upepo unaopita magurudumuni hupoza breki kwa kiasi kidogo kuliko tunavyodhani.

Joto hilo hupita kwenye pedi na pistoni hadi kwenye mafuta, na hapo ndipo penye siri ya pedali yangu. Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka, hata kama gari limeegeshwa tu. DOT ni madaraja ya ubora wa mafuta ya breki. Kiwango cha DOT 4 kinataka mafuta mapya yasichemke kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kikomo hicho cha kuchemka hushuka hadi nyuzi 155. DOT 3 ni duni zaidi: 205 yakiwa mapya, 140 yakiwa na maji. Yanapochemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea unapokanyaga, tofauti na mafuta. Ndiyo maana mguu hufika sakafuni na gari lisisimame. Chupa moja au mbili za DOT 4 ya kiwango cha mbio, au DOT 5.1, pamoja na saa moja ya kutoa hewa magurudumu yote manne, zingeniepusha na fadhaa ile yote. Ila wasomaji wajihadhari na jina: DOT 5 bila ile nukta moja ni mafuta ya silikoni, na hayachanganywi na hayo mengine kamwe.

Baada ya mafuta ni pedi. Pedi za barabarani zikipata joto kupita kiasi hutoa gesi na kuanza kuteleza juu ya diski. Pedali hubaki ngumu lakini gari halipungui mwendo. Pedi za mashindano halisi nazo si jibu kwa mtu anayekwenda kazini na gari hilo hilo Jumatatu, kwa kuwa zikiwa baridi hazishiki vizuri, hupiga kelele na kumaliza diski upesi. Zipo za kati, na hizo ndizo ningemshauri mtu anunue, kutoka kwa muuzaji anayeaminika, kwani pedi bandia zinaweza kubanduka kwenye bati lake. Zikishafungwa ni lazima zizoeshwe: mara nane au kumi kutoka kilomita 80 hadi 20, pasipo kusimama kabisa, kisha gari liendeshwe polepole lipoe. Na mtu akitoka uwanjani asivute breki ya mkono diski zikiwa bado na moto. Aweke jiwe nyuma ya gurudumu.

Kalipa kubwa zina nafasi yake, lakini huja baadaye. Zikifungwa mbele peke yake, breki za nyuma huachiwa kazi ndogo kuliko inavyofaa, na gari laweza hata kuchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Tena pistoni kubwa huhitaji mafuta mengi zaidi kutoka silinda ile ile inayosukumwa na pedali, hivyo pedali hushuka zaidi. Diski zilizotobolewa matundu, ambazo vijana huzipenda kwa sura, hupasuka kuanzia kwenye matundu hayo.

Ombi langu ni kwa waandaaji wa siku hizi za mbio. Langoni hukaguliwa kofia na mikanda, nami nawapongeza kwa hilo. Nawasihi waongeze mambo matatu: tarehe ambayo mafuta ya breki yalibadilishwa, unene wa pedi, na unene wa diski ukilinganishwa na kipimo cha chini kilichochongwa kwenye diski yenyewe. Ni kazi ya dakika kumi kwa gari moja. Kipimo cha kuchemshia tone la mafuta na kuonyesha nyuzi zake ninacho nyumbani, na niko tayari kukaa langoni nacho tangu alfajiri, bila malipo.

Msomaji wako,
Ruaka, Kiambu