Oili ya giaboksi nayo huchoka: lini uibadilishe

Masika iliyopita pikapu moja ya manyuali ililetwa gerejini kwetu hapa Mwanga, Kigoma, ikitokea upande wa Ilagala. Mwenye gari hakuwa na neno na giaboksi. Alitaka breki za nyuma. Tulipolipandisha, kijana wetu akaona chini ya giaboksi kuna jasho la rangi ya chai ya maziwa. Tukafungua boliti ya kujazia, tukachovya kidole. Oili ilikuwa imepauka na kuvimba kama uji mwepesi, maana yake maji yameshaingia. Mzee mwenye gari akakumbuka kwamba wiki tatu nyuma alipita kwenye maji yaliyofika usawa wa mlango. Siku ile alichomoa kijiti cha oili ya injini, akaiona safi, akaendelea na safari zake. Miaka yote ya kuendesha, hakuna fundi aliyewahi kumwambia kwamba giaboksi nayo ina oili yake.

Hatumlaumu. Wateja wengi wanaokuja na Probox, Hilux, Hiace na Land Cruiser za manyuali wanajua tarehe ya mwisho ya kumwaga oili ya injini, lakini ukiwauliza ya giaboksi wanakuangalia tu. Wengine wameambiwa kwamba ile ni ya maisha, ukishalinunua gari umemaliza. Sisi hatukubaliani na hilo, na tungependa kila mteja ajue sababu.

Ni kweli oili ya giaboksi hukaa muda mrefu kuliko ya injini. Humo ndani hakuna moto, hakuna masizi wala mabaki ya mafuta ya kuichafua. Ila injini ina filta, na giaboksi nyingi za manyuali hazina. Kinachosagika humo hubaki humo humo, kikizunguka na oili na kupita kwenye beringi. Kwenye boliti ya kumwagia huwa kuna sumaku ndogo ya kunasa chembe za chuma. Shaba hainaswi na sumaku, na ndani ya giaboksi kuna pete za shaba zinazosawazisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Kila unapobadilisha gia, pete hizo husuguana na kuisha kidogo kidogo. Ndiyo maana oili iliyokaa sana hutoka nyeusi, na ukiielekeza juani inametameta kama mchanga wa pwani.

Sasa ni baada ya kilomita ngapi? Vitabu vya magari mengi hutaja kati ya kilomita 40,000 na 100,000, kutegemea gari na kazi yake, na kwa gari la kazi ngumu muda hupunguzwa. Kazi ngumu kwa maana ya vitabu hivyo ni kubeba mizigo, kuvuta tela, kupanda milima, kupita kwenye vumbi na matope. Gari linalotoka Uvinza na chumvi, au linaloshusha mawese na kurudi na bidhaa za duka, au linalopanda Manyovu kila siku limejaa abiria, hiyo ndiyo kazi yake kuanzia Januari hadi Desemba. Kwa magari ya namna hiyo tunashauri kilomita 40,000. Gari la kwenda kazini na sokoni hapa mjini linaweza kufika 60,000 au 80,000 bila wasiwasi, mradi likaguliwe katikati.

Kama umelinunua gari limeshatumika, na huna karatasi inayoonyesha lini oili hiyo ilibadilishwa, usihesabu kilomita. Hesabu ya kwenye dashibodi inakuonyesha umbali tu, haikuambii kilichofanyika njiani. Ifungue sasa, uione, uanze hesabu yako mwenyewe. Gari dogo huchukua kama lita 2 hivi, pikapu huzidi hapo. Ukilinganisha na kushusha giaboksi nzima na kutafuta beringi na pete, gharama ya oili hiyo ni ndogo mno.

Maji ndiyo yanayotuumiza kichwa zaidi huku kwetu. Giaboksi ina tundu dogo la kupumulia, kwa sababu ikipata joto hewa ya ndani hutanuka na lazima itoke. Gari likitembea kwa muda wa saa mbili giaboksi inakuwa ya moto. Ukiliingiza kwenye maji ya baridi, hewa ile hunywea ghafla na giaboksi inavuta kutoka nje. Kama tundu lile au sili (mpira unaozuia oili isivuje) iliyochoka iko chini ya maji, kinachovutwa ni maji. Hata dakika chache zinatosha. Kwa hiyo ukivuka maji yaliyopita kitovu cha tairi, usisubiri kilomita zozote. Pitia gereji yoyote uliyo karibu nayo, ifunguliwe boliti ya kujazia, itazamwe oili ya giaboksi na ya difu, ile boksi ya gia iliyo kwenye ekseli inayogawa nguvu kwa magurudumu. Oili nzima inapitisha mwanga na ina rangi ya asali au kahawia. Ikiwa ya maziwa, imwagwe siku hiyo hiyo, kwa sababu beringi iliyolala na maji inaanza kula kutu ungali hujasikia sauti yoyote.

Aina ya oili inahitaji maelezo marefu kidogo, maana hapa ndipo tumeona giaboksi nzuri zikiharibiwa na mtu aliyekusudia kuzitunza. Kwenye kopo utaona maandishi GL-4 au GL-5, na watu hudhani 5 ni bora kuliko 4. Sivyo. Zote zina dawa ya salfa na fosforasi inayozuia chuma kisile chuma, ila GL-5 ina dawa hiyo nyingi zaidi kwa sababu ililengwa kwenye difu, ambako meno huteleza moja juu ya jingine kwa mgandamizo mkubwa. Kwenye giaboksi utelezi huo unaweza kuwa kikwazo: pete za shaba zinahitaji msuguano ili zisawazishe mwendo, zikiteleza sana gia inakwaruza. Tena baadhi ya dawa hizo, oili ikipata joto, hushambulia shaba. Kuna magari ambayo kitabu chake kinaruhusu zote mbili, na hapo hakuna ubaya. Kama kitabu kinasema GL-4 peke yake, usikubali kuwekewa oili ya difu eti kwa kuwa ndiyo iliyobaki kwenye dumu.

Uzito nao uangaliwe, yaani oili ni nyepesi au nzito kiasi gani kutiririka; namba zake zimeandikwa kwenye kopo. Giaboksi iliyotengenezwa kwa 75W-90 ukiijaza oili nzito ya 140, asubuhi ya baridi Kasulu au Buhigwe utapigana na gia ya pili mpaka ipate moto. Na si kila giaboksi inatumia oili ya gia. Baadhi ya pikapu za Isuzu hutumia oili ya injini, Honda wana oili yao maalumu, na zipo zinazotumia oili ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Fundi anayeziwekea zote oili moja anabahatisha na mali yako. Muulize amejuaje.

Kabla hujamruhusu fundi yeyote, awe wetu au mwingine, kumwaga oili, mwambie afungue kwanza boliti ya juu, ile ya kujazia. Nilipokuwa bado najifunza kazi nilimwaga kwanza, kisha boliti ya kujazia ikagoma kabisa, imeshikwa na kutu na kona zake zimeisha. Gari la mtu likabaki halina tone la oili ndani na haliwezi kwenda popote, mwenyewe ana mzigo wa dagaa unaomngoja Kibirizi. Tulihangaika nayo mpaka jioni. Tangu siku hiyo boliti ya juu hulegezwa kwanza. Mengine ni mepesi: gari liwe limetembea kidogo ili oili iwe na joto na itoke na uchafu wake, lisimame sawasawa bila kuinama, sumaku ifutwe, washa (pete bapa za kuziba chini ya boliti) ziwekwe mpya, kisha oili ijazwe mpaka ianze kudondoka kwenye tundu la kujazia. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku ni uchakavu wa kawaida. Ukiona vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, omba uonyeshwe kabla boliti haijafungwa, kwa sababu hapo kuna jino au beringi inayovunjika.

Kuna matatizo ambayo oili haitayaponya, na hatutaki ulipie oili ukitarajia miujiza. Kama rivasi inakwaruza injini ikiwa inawaka, lakini ukizima injini gia zote zinaingia laini, tatizo liko kwenye klachi, haiachii vizuri. Kama kuna mvumo gari likiwa limesimama huru na mguu hauko kwenye klachi, kisha unapoikanyaga mvumo unakatika, hiyo mara nyingi ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi. Gia inayochomoka yenyewe ukiteremka mlima inahitaji giaboksi ifunguliwe. Gia inayokuwa ngumu asubuhi tu na kulainika baadaye, hiyo ndiyo mara nyingi hupata nafuu kwa oili mpya ya aina sahihi.

Ukija kwetu njoo na kitabu cha gari kama unacho, hata kama kimeandikwa Kijapani, kwani namba za oili husomeka. Huna, tutasoma kibati cha gari na kutafuta aina ya giaboksi kabla ya kufungua kopo. Oili iliyotoka tunakuonyesha kwenye beseni jeupe. Hatuimwagi kwenye mtaro, maana mitaro ya mji huu inateremka ziwani na sote tunakula samaki wa humo. Tunaiweka kwenye pipa.

Ile pikapu ya Ilagala tuliimwaga, tukaweka oili ya kawaida, tukaizungusha mpaka Mwandiga na kurudi, tukamwaga tena. Mara ya pili bado ilikuwa na ukungu. Ya tatu ikatoka safi, ndipo tukajaza ile inayotakiwa na kubadilisha sili ya nyuma. Beringi moja inavuma kwa mbali, na mzee tumemwambia aje tuisikilize tena baada ya kilomita 1,000.