Sauti ya besi huanzia kwenye nyuzi, si kwenye pedali

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na vijana wanaopiga gitaa la besi, pamoja na viongozi wa bendi wanaowanunulia vifaa. Besi ikisikika kama ngurumo isiyo na noti, lawama huangukia amplifaya, na dawa inayokimbiliwa ni pedali mpya, kile kisanduku cha kukanyaga kinachobadilisha sauti. Lakini pedali hukuza kile ilichopewa. Uzi uliokufa ukiupitisha kwenye kompresa, yaani pedali inayobana noti kali ili nguvu zilingane, unatoka vilevile umekufa, ila kwa sauti kubwa zaidi. Fedha za kwanza ziende kwenye nyuzi.

Uzi wa E, ule mnene kuliko wote kwenye besi ya nyuzi nne, hutetema mara 41 hivi kwa sekunde. Spika ya simu haiwezi kutoa mtetemo huo hata kidogo. Msikilizaji anaitambua noti kwa sababu uzi hutoa pia mitetemo ya juu yake, 82, 123, 164 na kuendelea, na ubongo huijenga noti ya chini kutokana na hiyo. Jasho na mafuta ya ngozi yakishajaa katikati ya mizunguko ya waya, mitetemo ya juu ndiyo hufa kwanza. Inabaki ile ambayo spika nyingi haziitoi, na noti inapotea. Isitoshe, uchafu haujikusanyi sawasawa kwenye urefu wote wa uzi, kwa hiyo noti za freti za juu (freti ni vile vyuma vinavyokatiza shingo) hukataa kulingana hata ukitiuni kwa uangalifu gani. Wapo wanaochemsha nyuzi ili zifufuke. Mafuta hutoka kweli, ila maji hubaki ndani na kutu hufuata. Kuziloweka kwenye spiriti na kuziacha zikauke kabisa ni afadhali, na kuzifuta kwa kitambaa kikavu kila umalizapo kupiga kunashinda njia zote mbili.

Kuhusu aina, nyuzi za chuma cha pua zilizozungushiwa waya wa mviringo ndizo kali zaidi. Zinang'aa na zinafaa sana kwa kupiga kwa kidole gumba, lakini zinakwaruza na kula freti. Zile za chuma kilichopakwa nikeli zina ukali wa wastani, na ndizo ninazompendekezea yeyote ambaye bado hajajua anatafuta sauti gani. Nyuzi bapa zimezungushiwa utepe wa chuma badala ya waya wa mviringo. Zinatoa mdundo mnene unaozima mapema, hazina kelele ya vidole vinapoteleza, na zinadumu miaka. James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za Motown, kampuni ya muziki ya Marekani, alitumia nyuzi bapa nene na hakuwa na desturi ya kuzibadilisha. Anayepiga kwa kidole gumba asizinunue, maana atazungusha ikwalaiza, vile vitasa vya kupandisha na kushusha sauti za chini, katikati na juu, usiku kucha akitafuta ukali ambao haumo ndani ya uzi.

Seti ya kawaida ina unene wa inchi .045, .065, .085 na .105. Ukiwa na nyuzi tano, ule wa ziada wa B, ulio mnene kuliko E, usiwe chini ya .125, na .130 ni bora, la sivyo utalegea na kugonga freti. Pima pia urefu wa uzi unaotetema, kuanzia mifereji ya kichwani hadi darajani. Besi nyingi ni inchi 34, lakini zipo fupi za inchi 30, na hizo zina nyuzi zake. Uzi mrefu ukifungwa kwenye besi fupi, sehemu yake nene ndiyo inayojizungusha kwenye kikazio, kile cha kichwani cha kutiunia, na pale unaweza kufumuka au kukatika.

Nyuzi nzuri huharibiwa siku ileile zinapofungwa. Badilisha mmoja mmoja ili shingo isiachiwe mvutano wote kwa mpigo. Vuta uzi upite kikazio chake kwa sentimita 10 hadi 12, ukunje kwa pembe ya mraba, kisha ukate baada ya kunjo. Ukikata kabla ya kukunja, waya wa nje unaweza kulegea juu ya kiini, na uzi mpya ukalia kama wa zamani. Zungusha mara mbili au tatu, kila mzunguko ukae chini ya uliotangulia. Kisha bonyeza uzi kwa kidole gumba mbele kidogo ya daraja, na pale unapotoka kwenye mifereji ya kichwani, ili upate kona kali badala ya kupinda taratibu. Hatua hii ni ya sekunde chache na karibu kila mtu huiruka, kumbe ndiyo inayoondoa ule mlio wa ukungu kwenye nyuzi mpya.

Ukibadilisha unene, umebadilisha mvutano, na seti nzima huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 80 hivi. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, uangalie nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Milimita 0.3 inatosha. Ikizidi sana, kaza chuma cha ndani ya shingo kwa robo mzunguko, tiuni upya, ndipo upime tena. Halafu linganisha noti ya freti ya 12 iliyobonyezwa na mlio wa kugusa tu uzi palepale juu ya freti. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, rudisha nyuma kipande cha daraja kinachobeba uzi huo. Ikiwa chini, kisogeze mbele.

Pikapu, yaani sumaku na koili zinazonasa mtetemo wa uzi, ndiyo sikio la besi, na kinachosikika hutegemea limewekwa wapi. Pikapu iliyo karibu na shingo hupokea zaidi mtetemo wa msingi, iliyo karibu na daraja hupokea zaidi ile ya juu. Ndiyo maana besi ya Precision ya kampuni ya Fender, iliyotoka mwaka 1951 na kupewa pikapu yake iliyogawanywa vipande viwili mwaka 1957, ina sauti ya kifua inayopenya bendi bila ubishi, na Jazz Bass ya kampuni hiyohiyo ya mwaka 1960, yenye pikapu mbili za koili moja moja, ina uso mwingine kabisa. Kwenye Jazz Bass, vitasa vyote viwili vya sauti vikifunguliwa sawa, mvumo wa umeme hujifuta na sauti ya katikati hupungua. Punguza kimoja kidogo tu, sauti ya katikati itarudi, pamoja na mvumo kiasi. Watu wengi wanabadilisha pikapu kabla ya kuijua tabia hii ya vitasa walivyo navyo tayari.

Kabla ya kununua pikapu nyingine, shika bisibisi. Bonyeza freti ya mwisho, upime kutoka chini ya uzi hadi juu ya pikapu. Anza na milimita 3 upande wa E na 2.5 upande wa G, uzi mwembamba kuliko wote, kisha rekebisha kwa sikio mpaka nyuzi zote nne zitoke kwa nguvu sawa. Wengi huipandisha juu wakidhani ukaribu ni nguvu. Sumaku huanza kuuvuta uzi, noti hutetereka, haidumu, na freti za juu hazilingani tena. Ukiona hivyo, shusha pikapu kwanza, hata kabla ya kugusa daraja.

Besi yenye betri ya volti 9 isiachwe imechomekwa kebo, kwa sababu kwa kawaida jeki ndiyo swichi ya betri. Sauti ikianza kukwaruza kwenye noti kali tu, badilisha betri kabla ya kulaumu amplifaya. Besi isiyo na betri nayo huathiriwa na urefu wa kebo: kadiri inavyorefuka ndivyo sauti za juu zinavyopotea.

Sasa pedali. Ya kushusha okteva (inayotoa noti ya nusu ya mtetemo) na ile ya filta inayofuata nguvu ya kidole zikae mwanzo kabisa wa mnyororo wa pedali. Ya kwanza inahitaji kusikia noti moja safi, na ya pili inahitaji tofauti ya nguvu ambayo kompresa huifuta. Okteva isitumiwe kwenye noti za chini kabisa: nusu ya 41 ni karibu 20, na hakuna spika ya jukwaani itakayokutolea hiyo vizuri. Panda shingoni na upunguze toni, itakufuata bila kujikwaa.

Kompresa inafuata, na ndiyo ninayoiona ya lazima kuliko nyingine. Uwiano wa 4 kwa 1 (kila desibeli 4 zinazozidi kiwango zitoke 1), mwanzo wa kubana wa milisekunde 20 hadi 40 ili mguso wa kidole upite kabla haijabana, na ibane desibeli 3 hadi 6 tu kwenye noti kali. Ikibana muda wote, mpigaji amenyang'anywa mkono wake. Ovadraivu nyingi za gitaa, yaani pedali za kukwaruzisha sauti, hukata sauti za chini, kwa hiyo tafuta yenye kitasa cha kuchanganya sauti safi na chafu, na sauti safi isipungue nusu. Korasi, inayofanya noti moja isikike kama nyingi, na mwangwi ni vya mwisho, na kwa kiasi kidogo.

Kila pedali iwashe na kuizima ukiwa umesawazisha ukubwa wa sauti, kwa sababu sikio huiita nzuri ile iliyo kubwa. Jumlisha miliampea zote kabla ya kununua chanzo cha umeme, na za dijitali zipewe tundu lake lililotengwa, la sivyo zitapiga mluzi ndani ya nyingine.

Kilichobaki kifanyike bendi nzima ikiwa inapiga. Mpangilio wa kuinua chini na juu huku katikati pakizamishwa hupendeza chumbani na kutoweka mara gitaa na kinanda vinapoingia. Kukiwa na ukungu, punguza kidogo kati ya 200 na 300 Hz (mitetemo kwa sekunde). Noti zikikosa sura, inua kati ya 700 na 1,000. Ngoma kubwa ya mguu ikiwa imekaa kwenye 60, inua besi kwenye 100, na kila kilicho chini ya 30 kikatwe kabisa, maana kinakula nguvu ya amplifaya bila kumfikia msikilizaji.

Mpiga besi na mrekebishaji wa magitaa